Mizani ya Aga Khan na Mawe ya Mwadui

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni Jumapili iliyopita)



Majuma mawili yaliyopita nilipigiwa simu na mzee mmoja wa Maganzo, pale mlangoni pa mgodi wa almasi wa Mwadui. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa hakunipa ruhusa. Baada ya shikamoo na marahaba, hakuzunguka. "Mwanangu," akasema, "wewe kazi yako ni kusoma vitabu. Hebu niambie. Yule mkubwa wa Makhoja aliyepimwa kwa almasi kule Dar es Salaam, mawe yale si yalitoka hapa kwetu? Sisi tumekua tukiambiwa hivyo. Yalikwenda wapi?"

Nikamwomba anipe siku chache. Sababu ni kwamba hadithi hiyo hata mimi nilikua nayo. Marehemu babu yangu, mzaa baba, alikuwa kijana wa kubeba magunia katika duka moja la Mhindi huku Usukumani, na kila akisikia habari za almasi alikuwa akisema, "Mzee wao alikaa kwenye mizani, upande wa pili wakaweka mawe yetu." Alikuwa akilisema hilo neno "yetu" huku akigonga fimbo chini. Nikiwa mtoto nilidhani alimwona kwa macho yake. Kumbe babu wa watu hakuwahi kufika Dar es Salaam maisha yake yote.

Basi jioni hii tuzungumze habari za huyo aliyekaa kwenye mizani. Jina lake ni Sultan Muhammad Shah, Aga Khan wa tatu, imamu wa 48 wa Waislamu wa madhehebu ya Shia Ismailia. Hao ndio wengi wetu huku tuliowazoea kwa jina la Makhoja, ingawa Makhoja wengine ni Ithnaasheri nao hawamfuati. Tofauti hiyo mijini kwetu mara nyingi haikujulikana, kila mwenye duka alikuwa "Mhindi" tu.

Alizaliwa Karachi tarehe 2 Novemba 1877, na alirithi uimamu mwaka 1885 akiwa mtoto wa miaka saba, baba yake alipofariki. Ukoo wake si wa kubahatisha. Waismailia wanautaja kuwa umeshuka kwa Imamu Ali na Bibi Fatima, binti wa Mtume, ukapitia kwa makhalifa wa Kifatimi, wale walioujenga mji wa Cairo mwaka 969 wakaitawala Misri. Babu yake, Hasan Ali Shah, ndiye wa kwanza kuitwa Aga Khan. Alikuwa gavana wa Kerman huko Uajemi na alimwoa binti wa mfalme, Fath Ali Shah. Mama wa huyu tunayemzungumzia naye alikuwa mjukuu wa mfalme huyo huyo. Kwa hiyo kushoto kwake maimamu, kulia kwake wafalme.

Lakini ulikuwa ni ukoo wa utawala usio na nchi. Hasan Ali Shah aligombana na serikali ya Uajemi, akapigana, akashindwa, na mwaka 1841 akavuka mpaka kuingia Afghanistan. Huko akawasaidia Waingereza, akaenda nao hadi Sindh, mwisho akatulia Bombay akilipwa posho na hao hao Waingereza. Ukitaka kumwelewa mjukuu wake, anzia hapo. Mjukuu alikuwa na heshima zote za mfalme. Mwaka 1916 serikali ya Uingereza ilimpa haki ya kupigiwa mizinga 11, sawa na maharaja mwenye dola yake. Ila dola yenyewe hakuwa nayo. Aliwahi hata kuwaomba Waingereza wampe eneo huko India alitawale. Hawakumpa.

Alichokuwa nacho ni watu. Watu waliotawanyika India, Asia ya kati, Syria, na huku kwetu kuanzia Zanzibar hadi vituo vya pamba vya Ziwa Victoria. Watu hao walimtolea sehemu ya mapato yao, na neno lake kwao lilikuwa amri. Akisema someni, wanasoma. Akisema hameni, wanahama. Mfalme mwenye ardhi hutumia askari na wakusanya kodi, na bado wengine wanamkimbilia msituni. Huyu hakuwa na askari hata mmoja.

Nguvu hiyo aliiingiza katika siasa akiwa bado kijana. Oktoba 1906, akiwa hajafikisha miaka 29, aliongoza ujumbe wa Waislamu wa India kwenda Simla kumwona Lord Minto, mwakilishi wa mfalme, kudai kura ya Waislamu ihesabiwe peke yake. Mwishoni mwa mwaka huo chama cha Muslim League kikazaliwa, naye akawa rais wake wa kwanza. Pakistan ilikuja kutoka katika chama hicho miaka 41 baadaye. Mwaka 1937 alikuwa rais wa Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa wa zamani kule Geneva, ule uliovunjika baada ya vita. Na katikati ya hayo yote alikuwa akifuga farasi wa mashindano, na farasi wake walishinda mbio za Derby za Uingereza mara tano. Wapo waliosema hayo mawili hayapatani, uimamu na farasi. Wafuasi wake hawakuona tatizo, na mimi si msemaji wao.

Kuna kisa kimoja napenda kukisimulia hapa kwa sababu kinachekesha na kusikitisha kwa pamoja. Mwaka 1923, Uturuki ilipokuwa inafikiria kumwondoa khalifa, Aga Khan pamoja na mwanasheria Ameer Ali, wote wawili Washia, waliandika barua kwa waziri mkuu wa Uturuki kumtetea khalifa huyo wa Masuni. Magazeti ya Istanbul yakaichapisha kabla serikali haijaijibu. Ankara ikakasirika kuona watu wa nje, tena Washia, tena wenye urafiki na Waingereza, wanaifundisha namna ya kumheshimu khalifa. Machi 1924 ukhalifa ukafutwa. Ungefutwa hata bila barua ile, lakini barua iliutia petroli moto uliokwisha washwa.

Sasa nifike kwetu.

Vita vya kwanza vya dunia vilipokaribia kwisha, mwaka 1918, Aga Khan alitoa kitabu kwa Kiingereza kiitwacho India in Transition. Ndani yake alileta hoja ambayo nilipoisoma mara ya kwanza nilikifunga kitabu kidogo nikatazama dirishani. Alisema nchi hii, wakati huo ikiitwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, itengwe kwa ajili ya India. Watu wa India waje wakae, walime, wafanye biashara. Hoja yake ilikuwa kwamba askari wa India walimwaga damu yao katika vita vile, na ni kweli walimwaga, Novemba 1914 pale Tanga walikufa wengi. Basi India ipate haki yake.

Wasikilizaji wa Shinyanga, Kahama na Geita, nawaomba mfikiri kidogo. Ardhi yote mnayoikanyaga, Mwadui ambayo mawe yake yalikuwa bado hayajagunduliwa, Geita ambayo dhahabu yake ilikuwa bado haijachimbwa kwa mitambo, ilikuwa mezani ikigawanywa, na mmoja wa waliokuwa wanaiombea mwenyewe alikuwa kiongozi wa dini aliyepata kutembelea pwani yetu zaidi ya mara moja. Msukuma mwenye ng'ombe wake hakuulizwa. Lakini tuwe wakweli, mezani pale hapakuwa na hata mmoja aliyetaka kumuuliza. Wazungu walioipinga hoja hiyo hawakuipinga kwa kutuonea huruma, walitaka wao ndio waichukue. Na ndivyo ilivyokuwa. Mkutano wa Paris wa 1919 uliipa Uingereza, isipokuwa Ruanda na Urundi zilizokwenda kwa Wabelgiji, na mwaka 1920 tukaitwa Tanganyika.

Nayasema haya kwa sababu ukimsifu mtu kwa shule na hospitali zake bila kutaja ukurasa ule, utakuwa umempima kwa mizani yenye kasoro.

Tuje sasa kwenye mizani yenyewe, maana Mzee wa Maganzo anasubiri.

Mwaka 1936 Bombay, na Machi 1937 Nairobi, wafuasi walimpima kwa dhahabu kuadhimisha miaka 50 ya uimamu wake. Miaka 60 ilipotimia, wakampima kwa almasi, Bombay Machi 1946, kisha Dar es Salaam tarehe 10 Agosti mwaka huo huo. Hakuwa mtu mwembamba. Uzito wake ulipita ratili 240, yaani kama kilo 110. Alikaa katika kiti upande mmoja wa mizani, upande wa pili yakapangwa makasha ya almasi, mpaka mizani ikasawazika.

Sasa fanya hesabu. Almasi hupimwa kwa karati, na karati tano ni gramu moja. Kilo moja ni karati 5,000. Kilo 110 ni karati 550,000. Mwadui iligunduliwa na Mkanada, Dakta John Williamson, mwezi Machi 1940. Agosti 1946 mgodi ulikuwa na umri wa miaka sita na miezi, tena miaka ya vita, vipuri hakuna, mitambo ya kuungaunga, na mawe yake yalikuwa hayakai stoo kungoja sherehe. Rundo la karati nusu milioni lisingepatikana pale. Almasi zile ziliazimwa kwa wafanyabiashara wakubwa wa almasi wa nje, na sherehe ilipokwisha zikafungwa zikarudishwa kwa wenyewe. Hakuondoka nazo yeye, na hazikubaki kwa wafuasi wake.

Kilichobaki ni fedha. Wafuasi walichanga thamani ya uzito ule, wakampa, naye akairudisha. Akaagiza ianzishwe taasisi ya kukopesha, Diamond Jubilee Investment Trust, ili Waismailia wa Afrika Mashariki wapate mikopo ya nyumba na biashara. Ile fedha ya dhahabu ya 1937 ilikuwa imezaa kampuni ya bima, Jubilee, pale Mombasa. Ile ya almasi ndiyo mzizi wa benki ambayo baadaye ilijulikana kama Diamond Trust. Na ule ukumbi wa Upanga ambako watu wa Dar es Salaam wamecheza dansi na kufanya mikutano ya siasa miaka nenda rudi, Diamond Jubilee, umebeba jina la mizani ile. Wengi huingia na kutoka bila kujiuliza almasi gani na jubilee ya nani.

Shule nazo alizianza mapema, mwanzoni mwa karne ya 20 kule Zanzibar, na alisisitiza sana watoto wa kike. Aliwausia wazazi kwamba mwenye watoto wawili, wa kiume na wa kike, akiwa na uwezo wa kumsomesha mmoja tu, amsomeshe yule wa kike. Wakati huo sisi wengine tulikuwa tunahesabu ng'ombe wa mahari.

Mwaka 1945 alifanya jambo jingine lililovuka ukuta wa madhehebu. Mombasa ilianzishwa jumuiya ya kuwaendeleza Waislamu wa Afrika Mashariki, East African Muslim Welfare Society, naye akaahidi kwamba kila paundi watakayochanga Waislamu, yeye ataongeza paundi. Kwa fedha hizo zilijengwa misikiti na shule za Masuni, kwa mkono wa imamu wa Kishia. Jumuiya hiyo iliishi hapa nchini hadi Desemba 1968, serikali ilipoipiga marufuku na BAKWATA ikaundwa. Ugomvi wa wakati ule bado una wenyewe, leo siuingii.

Lakini wakati mizani ya Dar es Salaam inasawazika kwa almasi, huku Usukumani kulikuwa na mizani nyingine isiyosawazika. Namaanisha ya pamba. Mkulima alikuwa anabeba mzigo wake kichwani maili kadhaa, anafika kwenye kituo cha mnunuzi, jiwe la mizani linawekwa, na mzigo wa ratili 60 unakuwa ratili 50. Babu yangu aliyaona hayo kwa macho, hayo hakusimuliwa. Wanunuzi wengi na wenye viwanda vya kuchambua pamba walikuwa Wahindi wa madhehebu na dini mbalimbali, Waismailia wakiwemo. Simtuhumu mmoja, na waaminifu walikuwepo. Ila ndiyo hasira iliyowafanya wakulima, mwanzoni mwa miaka ya 1950, waweke vijana wao waliojua kusoma wasimame vituoni kukagua mizani. Paul Bomani alitoka katika harakati hizo. Mwaka 1955 ukaundwa muungano wa vyama vya ushirika vya wakulima, Victoria Federation, ambao baada ya miaka michache ulikuwa unanunua pamba yote ya Kanda ya Ziwa. Babu aliacha magunia ya dukani akawa mmoja wa wakagua mizani wa ushirika. Ndiyo kazi aliyoringia hadi anazikwa.

Kwa hiyo hadithi ya "mawe yetu" naielewa ilikotoka. Mtu anayeibiwa ratili kumi kila msimu, akisikia kwamba mkubwa wa wenye duka amepimwa kwa almasi, na almasi zinachimbwa kilomita chache kutoka shambani kwake, anaunganisha mwenyewe. Hesabu ya karati inamkosoa. Hesabu ya pamba inampa haki.

Na Aga Khan mwenyewe? Huyu aliyeiomba nchi hii mwaka 1918 kwa ajili ya India, uzeeni aliwaambia wafuasi wake wa huku kinyume chake. Waache kuishi kama wageni wenye sanduku mlangoni. Mapema miaka ya 1950 aliwashauri hata kubadili mavazi na lugha ya nyumbani ili wasibaki kipande cha Gujarat kilichoangukia Afrika. Lugha aliyowashauri lakini ni Kiingereza, si Kiswahili, na mavazi ni ya Kizungu. Hapo macho yake, naona mimi, yalikuwa bado yanatazama London zaidi ya Mwanza. Hata hivyo wapo waliokwenda mbele ya ushauri wake. Amir Jamal, aliyezaliwa Mwanza mwaka 1922, alikuja kuwa Waziri wa Fedha mwaka 1965 akipokea kiti kwa nani? Kwa Paul Bomani, yule wa mizani ya pamba. Na Al Noor Kassum, Mwismailia wa Dar es Salaam, ndiye aliyekuwa Waziri wa Maji, Nishati na Madini tangu 1977 hadi 1990. Dhahabu ya Geita na almasi za Mwadui zilikuwa chini ya meza yake.

Aga Khan wa tatu alifariki Uswisi tarehe 11 Julai 1957, akazikwa Aswan, Misri, nchi waliyoitawala mababu zake. Wosia wake uliwashangaza watu, kwani alimruka mwanawe Aly Khan akamrithisha mjukuu, Karim, mwanafunzi wa miaka 20 aliyekuwa anasoma Marekani, kwa hoja kwamba enzi mpya inataka kijana wa enzi hiyo. Na kijana huyo alikalishwa kitini kwa mara ya kwanza, Oktoba 19 mwaka huo, Dar es Salaam. Haikuwa Bombay wala Karachi. Nchi iliyokuwa ikiombwa iwe koloni la India ndiyo iliyochaguliwa kumtawaza imamu, TANU ikiwa na miaka mitatu.

Karim naye alifariki Februari 2025 huko Lisbon, akazikwa Aswan kama babu yake, na mwanawe Rahim akashika nafasi. Hospitali na shule za ukoo huo bado tunazitumia watu wa dini zote. Lakini wenye maduka wa miji midogo ya huku wengi hawapo. Aprili 1971 serikali ilipotaifisha nyumba zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, wengi wao walifunga virago wakaenda Canada na kwingineko. Pale kwetu jengo la duka alilobebea babu magunia bado limesimama, lina mwaka umeandikwa juu ya mlango kwa saruji, na ndani kuna wauza simu. Ndoano ya kuning'inizia mizani bado iko kwenye boriti. Nimeiona mwezi uliopita.

Nilimpigia tena Mzee wa Maganzo nikamweleza yote hayo, tangu Kerman hadi karati. Alisikiliza bila kunikatiza. Kisha nikamwambia kuna jiwe moja ambalo kweli lilitoka Mwadui kwenda kwa mkubwa, pengine ndilo lililochanganya hadithi. Oktoba 1947, mwaka mmoja tu baada ya mizani ya Dar es Salaam, ilipatikana almasi ya rangi ya waridi, karati 54.5, na Williamson akamtunza binti mfalme wa Uingereza, Elizabeth, aliyekuwa anaolewa. Ilichongwa London, ikabaki karati 23.6, mwaka 1953 ikatiwa kwenye bruchi ya ua, naye akaivaa mpaka uzee wake.

"Hamsini na nne," akasema mzee, "ikabaki ishirini na tatu?"

"Ndiyo, babu."

"Na ile thelathini nyingine?"

Nikamwambia huo ni unga na vipande vya kuchonga, ndivyo kazi ya almasi ilivyo. Akanyamaza kidogo, halafu akasema maneno ya Kisukuma ambayo sitayatafsiri redioni, na simu ikakatika. Nadhani salio lilikuwa limekwisha.

Wapenzi wasikilizaji, tukutane Jumapili ijayo.